Titi Lililorudi Migombani

Kwako Mama, uliye mbali kuliko Mombasa na Nairobi,

Hata ulipokuwa hai hukuwa msomaji wa niliyokuandikia. Nilikuwa nikikutumia ujumbe wa simu kutoka chuoni, nawe unampa mdogo wangu Mshai akusomee huku mikono yako imo kwenye maharagwe. Akimaliza, hata kama nimejaza habari za mtihani na mgomo na mvua ya Nairobi, swali lako lilikuwa moja tu: "Amesema anakula?" Basi leo naanza na hilo tusipoteze wakati. Ninakula, Mama. Nimenenepa. Ile sketi ya bluu uliyoninunulia sokoni Voi siku ninaondoka haipiti tena kiunoni, na bado sijaitoa kabatini.

Ninalotaka kukueleza ni habari ya kazi yangu, kwa sababu uliondoka kabla sijaipata, na kwa sababu kazi hiyo imenigombanisha nawe miaka yote hii bila wewe kujua. Majirani wetu wa Kaloleni, pale Voi, wakiuliza mimi ni daktari wa nini, mdogo wangu huwajibu, "Si daktari. Anapima nyama." Wanacheka, wanadhani nimefungua bucha. Lakini Mshai hakusema uongo.

Unakumbuka safari zetu za Njukini, kule Taveta? Shule zikifungwa ulikuwa unanichukua twende tukanunue maharagwe kwa wakulima, na kazi yangu ilikuwa kushika mdomo wa gunia usijifunge. Tukirudi, tukipita Salaita, ulinionyesha kile kilima kana kwamba sijawahi kukiona, na kila mara ulisema lile lile: "Hapo wazungu walipigana wenyewe kwa wenyewe, na mizigo wakatubebesha sisi." Mimi nilikuwa nimelala nusu, nikiitikia tu. Ningejua ningeitikia vizuri zaidi.

Nyumbani ulitandika turubai uani, ukashika uteo, ukaanza kupepeta. Makapi yanaruka na upepo, maharagwe yanabaki, changarawe zinajikusanya pembeni zenyewe. Mikono yako ilifanya hivyo huku mdomo ukiendelea na maneno ya kanisani. Siku moja nikakuomba nijaribu. Nikarusha mara moja, na maharagwe yote yakaenda kwa kuku. Ulicheka mpaka ukaishiwa miguu, ukakaa chini. "Wewe mwanangu," ukasema ukifuta machozi, "utafute kazi ya kukaa kwenye kiti."

Niliipata ya kiti, Mama. Lakini ni ile ile ya kupepeta.

Kuna mashine hapa Nairobi ninapofanya kazi, kubwa kama jokofu la soda lililolazwa chali, inayopima uzito wa vitu ambavyo hata darubini haivioni. Tunaletewa vipande vya uvimbe uliotolewa kwenye matiti ya wanawake, vimehifadhiwa ndani ya nta. Nakata utepe mwembamba kama ganda la kitunguu, naondoa nta, nayeyusha nyama, kisha natia kimeng'enya kinachokatakata protini zake. Protini ndizo watenda kazi wa mwili. Hata saratani ina zake inazozitumia kukua. Vile vipande vyake mashine inavipuliza kama mvuke wenye umeme, vinaruka ndani ya chumba kisicho na hewa, na kwa jinsi vinavyoruka mashine inajua kila kimoja kina uzito gani. Chepesi huku, kizito kule. Ni uteo wako, ila huu unakula umeme, na ukiharibika tunakaa tumeshika tama tukimsubiri fundi.

Uzito huo unatokea kwenye skrini kama vilele, kirefu na kifupi, vimepangana. Siku ya kwanza kuviona nilikumbuka milima yetu inavyoonekana asubuhi ukisimama stesheni ya Voi ukitazama juu. Nilitoka nje nikalia. Wenzangu walidhani nimemwagikiwa na asidi, wakaja mbio na maji.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo penye neno langu. Kuna protini moja inayokaa kwenye ukuta wa seli. Ikizidi pale, saratani inakimbia sana. Lakini ipo dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya hiyo hiyo, inayoikamata na kuizuia. Kama protini haijazidi, kumpa mgonjwa dawa ile ni kutwanga maji kwenye kinu. Kwa hiyo kabla mwanamke hajatibiwa inabidi ijulikane kama imezidi au la, na hilo halijulikani kwa kumtazama mgonjwa usoni wala kwa kumwombea. Linajulikana kwa kupima nyama yenyewe.

Nyama yako haikupimwa, Mama.

Nilikuwa chuoni wakati ule, na yaliyotokea nilisimuliwa na Mama Mkubwa. Unamjua dada yako, hafichi kitu hata kikimuumiza. Walipokukata titi la kushoto, daktari alilitia kwenye ndoo ndogo nyeupe yenye dawa ya kuhifadhi nyama, akaifunga kifuniko, akampa Mama Mkubwa aipeleke maabara Mombasa, kwa kuwa pale Voi hapakuwa na mtaalamu wa kuipima nyama. Jamaa ya mgonjwa ndiye tarishi. Mahali pengi mpaka leo ni hivyo. Dada yako akapita kwanza wodini kukuaga. Ulikuwa umeamka nusu, ulimi mzito bado. Ukamwuliza amebeba nini.

"Ni wewe," akakujibu.

"Unanipeleka wapi?"

"Mombasa. Kwa maabara."

"Halafu?"

Mama Mkubwa hakuijua hiyo halafu, na hakuna mtu aliyekuwa amemweleza. Akafikiri, akakupa jibu aliloliona la kweli. "Halafu nafikiri wanatupa."

Ukamshika mkono. "Dada, mimi nisitupwe Mombasa. Simjui mtu Mombasa. Nirudishe kwa baba, pale migombani, kitovu changu kilipo."

Nani angekukatalia? Sisi ndivyo tulivyolelewa. Kitovu cha mtoto hurudishwa kwenye udongo wa kwao, na mtu akikatwa mguu, mguu unazikwa, hauachwi kwa watu baki. Sembuse titi lililonyonyesha watoto wawili. Mama Mkubwa anasema alisimama pale steji, basi la Mombasa limewasha injini upande huu, gari la Wundanyi linaita abiria upande ule, na ndoo iko kati ya miguu yake. Akapanda la Wundanyi. Alipofika kwa babu, baba yenu, aliimwaga ile dawa mbali na kijito, akachimba kwenye shina la migomba, akasali, akafukia. Siku ya pili alirudi wodini akiwa na udongo mwekundu kwenye kucha. Ukazitazama zile kucha, na anasema ndiyo mara ya kwanza uliyolala vizuri tangu wakukate.

Hospitali ikangoja majibu. Daktari alipouliza, Mama Mkubwa akamwambia yote, ndoo, migomba na sala. Daktari alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

Basi wakakutibu kwa kukisia. Nilikuja nyumbani nikakukuta umefunga leso kichwani kwa namna ambayo hukuwahi kufunga, na mkono wa kushoto umevimba kuanzia begani. Bati la Kaloleni lilikuwa linachoma. Ulikuwa umekaa mlangoni na uteo mapajani, na mkono ule haukuweza kuuinua. Ukanipa mimi. Nikapepeta, na nikayamwaga maharagwe tena. Nilikutazama nikingoja ucheke, kwa kweli nilikuwa naomba ucheke. Ukasema tu, "Okota." Tukaokota sote watatu, wewe kwa mkono mmoja, Mshai akiwa chini ya kiti anatafuta yaliyobingirika. Hiyo ndiyo siku niliyojua kwamba unakufa.

Ugonjwa ulirudi mgongoni, kisha kwenye ini. Tulikuzika Mgange kando ya mumeo, baba yetu, kama inavyotakiwa, kina mama wa kanisa wakiimba kwenye ukungu. Titi lako likabaki kule kwa babu. Hata kaburi halikukuweka mahali pamoja, Mama, kuna bonde zima katikati yako.

Halafu nikapata kazi hii, na hasira ikaanza. Najua si adabu kumkasirikia marehemu, tena mzazi. Lakini kila kipande ninacholetewa ni mama wa mtu. Ninawapima wa Kisumu, wa Garissa, wa Meru, wanawake nisiowajua hata sura, na najua mambo ya ndani ya miili yao ambayo wenyewe hawayajui. Yuko mmoja tu ambaye ningetaka kumjua hivyo, naye nyama yake ilishageuka ndizi. Wakati mwingine nimesimama mbele ya mashine nikakuambia kwa sauti, "Mama, kwa nini?" Sisemi ile protini ilikuwa imezidi. Huenda haikuwa. Huenda ilikuwa na dawa yake isingetufikia Voi. Sitajua, na kutokujua huko ndiko kunakoniamsha.

Sasa nikuambie la Mshai. Nakuomba usishtuke, nitalimaliza.

Mwaka jana alinipigia simu mchana, nikiwa kazini. Hakunisalimu. "Dada, nimepata kitu kama punje ya haragwe."

"Wapi?"

"Wewe unajua wapi."

Nilikaa sakafuni hapo hapo penye mitungi ya gesi. Wakati wa kukatwa ulipofika nilimwambia nyama yake ije Nairobi, kwa daktari wa maabara tunayefanya naye kazi, ipimwe sawasawa. Mshai akasema haiji. Aliisema taratibu, kwa sauti ile yako ya kufunga mjadala. Titi lake litakwenda migombani likae na la mama. "Nikienda, nikute nimeshaanza kufika," akasema.

Nilimpigia kelele, Mama. Nilimwambia hayo ndiyo yaliyotuua. Akasema, "Wewe unataka tu nyama yangu kwa mashine yako," na simu ikakatika. Sikuwahi kugombana na Mshai hivyo hata utotoni, na sikuwa na wewe wa kututenganisha.

Siku aliyokatwa sikupata ruhusa ya kusafiri mapema. Nikapigiwa simu na Mama Mkubwa. Nyuma yake nilisikia vigari vya wodi.

"Nimekaa na ndoo," akasema.

"Mama Mkubwa, unaipeleka wapi?"

"Ngoja kwanza nikuulize. Mkishapima, mnatupa?"

Ningeweza kumdanganya, na ni wewe uliyenilea nisiweze. Nikamwambia kinachopimwa kwenye mashine kinayeyuka kabisa, hakirudi. Nikamwambia vipande vidogo vinabaki kwenye nta na kuhifadhiwa kabatini. Lakini sehemu kubwa ya titi haiguswi, na hiyo kwa kawaida huchomwa.

"Hiyo msiyogusa, utanirudishia?"

Sikuwahi kuona jambo hilo likifanyika. Nikasema nitaomba, na nitaomba mpaka wanichoke.

Mama Mkubwa akasema, si kwangu hasa, "Laiti mara ile ningepata mtu wa kumuuliza hivi." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezeeka pale pale kwenye simu. Hasira niliyokuwa nimekubebea wewe na yeye miaka yote, sijui ilikwenda wapi. Hakuna aliyewaambia kitu. Mlipewa ndoo tu.

Alirudi kwa Mshai akamwambia, "Nitakurudisha mwenyewe, mikono hii hii." Mshai akatikisa kichwa kukubali. Kisha dada yako akapanda treni pale Voi, ndoo mapajani, imefungwa kwa leso. Mlinzi wa stesheni aliuliza ndani mna nini, akaambiwa ukweli wote bila kupunguziwa, akamwomba apite tafadhali asifunue. Nilimpokea Nairobi. Alikataa nimbebee. Alimkabidhi daktari wa maabara mkononi, akamtazama, akamwambia, "Huyu ana kwao."

Daktari alichukua vipande alivyohitaji na kuvipaka rangi zake. Jibu la ile protini likatoka la katikati, si ndiyo si hapana. Mshai akakubali kwa kinywa chake kipande kingine kije kwetu. Kwetu vipande havina majina, vina namba tu, na siku ile nililetewa vingi pamoja. Kimojawapo kilikuwa cha mtoto wako na sikuruhusiwa kujua kipi. Basi nikavishika vyote kana kwamba ni Mshai. Kila kimoja nilikiambia pole. Nilifikiria mkono wako ulivyokuwa unatikisa uteo bila haraka, na nikajikuta na mimi sina haraka.

Kwenye kimoja ile protini ilitoka na kilele kirefu kupita vyote. Daktari alipofungua namba, ilikuwa ya Mshai. Hospitali wakarudia kwa kipimo chao kingine, wakaona lile lile. Ameanzishiwa ile dawa yake.

Nilifurahi, Mama. Niliruka kama mtoto. Kisha nikaingia chooni nikafunga mlango nikakulilia wewe upya, kwa sababu huenda nawe ulikuwa na kilele kama kile na hakuna aliyekitazama. Najua mama na binti hawalazimiki kufanana katika hilo, mimi ndiye ninayewafundisha wengine hivyo. Lakini nilikulilia kama mtu aliyepata habari ya msiba siku hiyo hiyo.

Mkuu wa maabara alikubali tuchukue kilichobaki, mradi kifungwe vizuri. Tulipanda nacho mlimani, sisi watatu. Mshai kichwa hakina hata unywele mmoja, amevaa kofia ya sufu, na alipumzika kila kona ya njia. Migomba ya babu imezaa sana pale ulipo. Mama Mkubwa hakutaka tumsaidie jembe. Alichimba kando yako, akaweka, akasali sala fupi, kisha akainama karibu na udongo kama mtu anayemnong'oneza mgonjwa.

"Dada," akasema, "huyu tumekuletea kidogo tu. Mwenyewe tunabaki naye. Bado tuna kazi naye."

Mshai alianza kucheka. Alicheka kile kicheko chako, Mama, kile cha kuishiwa miguu, mpaka akakaa chini kwenye majani yenye umande akishika kifua kilichoshonwa. Nami nikacheka huku nikilia, na Mama Mkubwa akatugombeza sote wawili kwa kukaa kwenye baridi.

Sijui safari yake itafika wapi. Dawa inamchosha, na mimi najua mengi mno kuweza kukuahidi. Nikiwa naandika haya niko Kaloleni, kwake. Ameketi mlangoni na bakuli la uji wa ulezi, anakoroga kuliko anavyokunywa, na anajifanya haoni kwamba namtazama.

Lala salama, Mama, upande huu wa bonde na ule. Na ukiuliza, maana najua utauliza: ndiyo, anakula. Kidogo kidogo, lakini anakula.

Mimi mwanao wa kwanza, mmwaga maharagwe,

Wakesho